Hesabu ya wiki: kwa nini tamthilia ndogo ya Broadway haina gharama ndogo

Mwaka 2025 zilikuja habari mbili kutoka New York ambazo wengi waliona hazikai pamoja. Ya kwanza ilisema msimu wa 2024/25 wa Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya mji huo, umeingiza dola bilioni 1.89, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Ya pili ilifuata miezi michache baadaye: tamthilia nyingi mpya za muziki zinafungwa kabla waliotoa fedha zao hawajarudishiwa. Watu wakabaki wanaulizana, na zaidi kuhusu zile tamthilia ndogo. Waigizaji wanne au sita jukwaani, bendi ya watu wachache, tiketi moja zaidi ya dola mia, ukumbi unaonekana umejaa. Sasa hela zinakwenda wapi?

Swali ni la haki, na jibu lake halina wizi ndani yake. Atakayelishika upesi ni yule aliyewahi kuishi karibu na daladala.

Dereva na konda wanapolichukua gari alfajiri, hakuna anayewauliza watapata abiria wangapi. Tajiri anataka hesabu yake jioni. Mafuta yanawekwa kwanza, trafiki wapo, pancha ipo, na kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chao. Mvua ikinyesha kutwa na vituo vikawa vitupu, hesabu haipungui. Gari linalokwenda na abiria wanne linaunguza mafuta karibu sawa na lililojaza.

Kila mchezo wa Broadway una hesabu ya namna hiyo, ila inalipwa kwa wiki. Wenyewe kwa Kiingereza chao huiita nati, ile ile ya kufungia gurudumu. Husimuliwa kwamba zamani wenye nyumba za wageni waliwapokea waigizaji wasafiri, kisha wakafungua nati ya gurudumu la mkokoteni wao na kukaa nayo hadi deni la kulala na kula lilipwe. Pengine ni hadithi tu, lakini imekaa vizuri: hujalipa, huondoki.

Kabla ya kwenda mbali, tuyatenganishe maneno, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Broadway si jumba moja. Ni majumba 41 ya Manhattan, karibu yote yakizunguka Times Square, na kigezo chake kikubwa ni viti 500 au zaidi. Lenye viti kati ya 100 na 499 huitwa Off-Broadway hata likiwa mtaa huohuo. Mtaji ni fedha za kuuandaa mchezo hadi siku ya ufunguzi: mandhari, mavazi, mazoezi, wabunifu, matangazo ya mwanzo. Gharama za uendeshaji ni zile za kuufanya mchezo uendelee kuonyeshwa, na hizo ndizo hesabu ya wiki. Mapato ya mlangoni ni yote yaliyolipwa na watazamaji, kabla hujatoa chochote. Na kurudisha mtaji ni siku ambayo ziada ya kila wiki, ikijumlishwa, imefikia zile fedha za mwanzo. Faida inaanza siku hiyo, si siku ya ufunguzi na si siku ya tuzo.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mchezo fulani umeingiza dola 600,000 wiki iliyopita, umesoma mapato ya mlangoni. Hujaambiwa lolote kuhusu faida. Ni sawa na kumwona konda ana bunda la noti mkononi saa nne asubuhi ukasema amekuwa tajiri.

Twende ndani ya jengo tuone. Mchezo unaanza saa mbili usiku. Nusu saa kabla, kila mwigizaji awe amefika na kutia alama kwenye karatasi ya mahudhurio. Lakini watu wamefika muda mrefu kabla yao. Fundi wa sauti amekwisha kubadilisha betri za vipaza sauti, kwa sababu betri iliyotumika jana haiaminiki leo. Vyenyewe ni vidogo kama punje ya mchele na vinafichwa kwenye nywele au chini ya wigi. Mtu wa mavazi amefua mashati, amepiga pasi, na vazi lisilofulika amelipulizia vodka ya bei rahisi ili kuua harufu ya jasho. Ni ujuzi wa zamani wa vyumba vya mavazi na unafanya kazi. Fundi wa umeme anawasha taa moja baada ya nyingine kuhakikisha hakuna iliyokufa. Taa hizo na mitambo ya sauti kwa kawaida si mali ya mchezo. Zimekodiwa, na kodi yake inahesabiwa kila wiki. Meneja wa jukwaa yupo na wasaidizi wake, kwa kuwa bila yeye hakuna pazia linalofunguka.

Halafu kuna mtu ambaye mtazamaji hamwoni kabisa: mwigizaji wa akiba. Amejifunza maneno yote, nyimbo zote, kila hatua ya miguu, na usiku mwingi haingii. Yupo jengoni au jirani, simu mkononi, akisubiri mwenzake aumwe. Analipwa, na anastahili kulipwa. Mchezo wa waigizaji 30 unaweza kumchukua mtu wa kundi la waimbaji akamkaimu mhusika mkuu, na pengo likazibwa. Mchezo wa wanne hauna kundi la kuchukuliwa. Kila aliyeko jukwaani ni mhusika mkuu, kwa hiyo akiba lazima waajiriwe mahsusi. Hapo ndipo udogo unapoanza kumgeuka mwenye mchezo.

Nje ya jukwaa kuna dirisha la tiketi na wanaouza, wahudumu wanaowaonyesha watu viti vyao, walinzi, wasafishaji, meneja wa kampuni anayeshika mishahara, ofisi ya mtayarishaji, wahasibu, wanasheria, bima. Wengi wa wafanyakazi hawa wako kwenye vyama vyao, na karibu kila fani ina chama chake: waigizaji chao, wanamuziki chao, mafundi wa jukwaa chao, watu wa mavazi chao, wa nywele na vipodozi chao. Mikataba ya vyama hivi inaweka kima cha chini cha malipo, na mingine inaweka hata idadi ya watu. Kwa wanamuziki, kila jumba lina kiwango chake: majumba makubwa kabisa hudai 18 au 19, madogo watatu au wanne hivi, na kuna utaratibu wa kuomba kupunguziwa pale ambapo muziki wenyewe hauhitaji watu wengi.

Kisha kuna mwenye jumba. Kampuni chache zimeyashika majumba mengi. Shubert peke yake ina 17. Mfikirie mwenye fremu ya duka ambaye kwanza anataka kodi ya pango, halafu asilimia ya mauzo yako, halafu anakuletea bili ya umeme na mshahara wa mlinzi wake. Hivyo ndivyo ilivyo. Kuna kodi isiyobadilika, kuna asilimia ya mapato ya mlangoni, na gharama za kuliendesha jengo zinapelekwa kwa mchezo.

Waandishi nao wana chao: aliyeandika hadithi, aliyetunga muziki, aliyeandika mashairi ya nyimbo. Mrabaha wao umezoeleka kuwa asilimia ya mapato ya mlangoni, na mwelekezi na wabunifu wana sehemu zao ndogo. Ili mchezo usinyongwe na mirabaha katika wiki mbaya, siku hizi wengi hukubaliana kuingia kwenye kapu moja: wiki ikiwa na ziada wanagawana sehemu ya ziada hiyo, wiki ikiwa kavu wanachukua kiasi kidogo kilichopangwa. Ni mpango wa busara. Mchezo mdogo mara nyingi hupona kwa sababu waliouandika wamekubali kusubiri.

Na matangazo. Haya ndiyo yanayoniuma zaidi nikiyafikiria. Mchezo wenye jina kubwa watalii huufuata wenyewe tangu wakiwa kwao. Mchezo mdogo wenye hadithi mpya lazima ununue macho ya watu kila wiki, mjini ambako bango la kila kona linashindana na jingine. Mbunifu atapunguza viti vya jukwaani na rangi za ukuta, lakini gharama ya kumwambia mtu wa Ohio kwamba upo haipungui kwa sababu una waigizaji wanne.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi nimezipanga mwenyewe ili zihesabike kirahisi. Si za mchezo wowote halisi, ila umbo lake ni la kweli.

Jumba lina viti 750. Broadway huonyesha mara nane kwa wiki, kwa hiyo kuna tiketi 6,000 za kuuza. Tuseme wastani wa tiketi ni dola 100. Katika kila dola 100, tuseme 14 zinaondoka papo hapo: asilimia ya mwenye jumba, makato ya kadi za benki, mrabaha wa chini. Zinabaki 86. Gharama zisizobadilika za wiki tuziweke dola 430,000. Gawa kwa 86, unapata tiketi 5,000. Yaani ili usipate faida wala hasara, lazima watu 625 waketi kwenye viti 750 kila onyesho, Jumanne ya baridi kali kama Jumamosi ya sikukuu. Ukumbi ukijaa asilimia 70, na macho ya mtazamaji yatauona umejaa vizuri tu, wiki hiyo imepoteza karibu dola 69,000.

Ukijaa pomoni, kila kiti, kila siku, ziada ni dola 86,000. Mtaji ukiwa milioni 8, unahitaji wiki 93 za kujaa pomoni bila kukosa hata moja.

Linganisha na mchezo mkubwa. Jumba la Gershwin, kubwa kuliko yote ya Broadway, lina viti zaidi ya 1,900. Chukua 1,900 mara nane: tiketi 15,200. Tuseme gharama zake ni maradufu ya zile za mdogo, dola 860,000. Kwa bei ileile unahitaji tiketi 10,000, ambazo ni theluthi mbili tu ya ukumbi. Na ukijaa wote, ziada ni zaidi ya dola 447,000, mara tano ya mchezo mdogo. Gharama mara mbili, ziada mara tano. Basi kubwa na Hiace zote zinahitaji dereva mmoja, leseni moja, bima moja. Tofauti iko kwenye viti vya nyuma.

Hapa naomba tuliondoe dhana moja inayosemwa sana, kwamba tatizo ni mishahara ya waigizaji. Kima cha chini cha mwigizaji wa Broadway ni zaidi ya dola 2,500 kwa wiki. Kwa masikio yetu ni fedha nyingi mno, lakini ni za mtu anayelipa pango la New York, anayemkatia wakala wake asilimia, na ambaye mchezo ukifungwa Jumapili, Jumatatu hana kazi. Waigizaji wanne wa kima cha chini hawafikishi hata asilimia 3 ya ile hesabu yetu ya 430,000. Ungeongeza wanne wengine, hesabu isingetikisika sana. Ndiyo maana kupunguza waigizaji hakuleti nafuu watu wanayoidhania: umepunguza kitu kilichokuwa kidogo tangu mwanzo.

Kwa nini basi gharama zinazidi kupanda? Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilieleza jambo hili mwaka 1966. Kiwanda kikipata mashine bora, watu walewale wanatoa bidhaa nyingi zaidi, na mishahara inaweza kupanda bila bidhaa kupanda bei. Jukwaani hakuna mashine hiyo. Wimbo wa wapiga ala wanne karne mbili zilizopita unahitaji wapiga ala wanne leo, kwa dakika zilezile. Mishahara ya mji inapanda, msanii naye lazima ale, lakini hawezi kuimba mara mbili kwa wakati mmoja. Juu ya hilo ukaja ugonjwa wa korona: Broadway ilifungwa Machi 12, 2020 na haikurudi vizuri hadi Septemba 2021, na ilipofunguliwa, mbao, usafirishaji, bima na vibarua vyote vilikuwa na bei mpya.

Tazama tofauti. Once, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway mwaka 2012, iliandaliwa kwa mtaji wa takriban dola milioni 5.5. Waigizaji wenyewe ndio waliopiga ala, hivyo hakukuwa na bendi ya pembeni. Mtaji wake ulirudi mwaka uleule, na mchezo ukaendelea hadi Januari 2015. Mwaka 2024 ikafunguliwa Maybe Happy Ending, hadithi ya roboti wawili wa Seoul waliotelekezwa. Waigizaji wanne tu. Mtaji wake ulitajwa kuwa takriban dola milioni 16.

Mchezo huu wa pili unafundisha mengi. Uliingia jumba la Belasco, lenye viti kama 1,000, bila jina la kitabu au filamu maarufu nyuma yake. Katika wiki za mwanzo za maonyesho ya majaribio haukufikisha hata dola 300,000 kwa wiki. Wengi walidhani utafungwa. Lakini uliendelea kuonyeshwa huku watazamaji wakiambiana mmoja mmoja. Mwezi Juni 2025 ukachukua tuzo sita za Tony, zile tuzo kubwa za Broadway, pamoja na ya tamthilia bora ya muziki, na mauzo yakapita dola milioni moja kwa wiki. Sema pia kwamba udogo wake ulikuwa wa idadi ya waigizaji tu: jukwaa lenyewe ni vyumba vinavyosogea na skrini za mwanga, na kila kinachosogea kina fundi wake.

Na ile rekodi ya bilioni 1.89? Sehemu kubwa ya kelele yake ilitoka kwenye tamthilia zisizo za muziki kabisa, zenye nyota wa filamu. Othello ya Denzel Washington iliuza tiketi za juu kwa dola 921, na mchezo wa George Clooney ulipita dola milioni 4 katika wiki moja. Fedha hizo zimeingia kwenye jumla ya Broadway, lakini hazikuingia kwenye mfuko wa tamthilia ndogo iliyo jumba la pili mtaa huohuo. Huenda hata zilichukua watazamaji wake.

Wapo wanaouliza kwa nini wasishushe bei, wajaze. Wanashusha. Kibanda cha TKTS, pale Times Square tangu 1973, huuza tiketi za siku hiyohiyo kwa punguzo, mara nyingi nusu bei. Sababu ni ileile ya muuza samaki wa Feri jioni inapoingia, ila yeye ana barafu. Kiti kitupu hakina barafu. Pazia likifunguka kimeoza. Lakini rudi kwenye hesabu yetu. Ukiuza tiketi zote 6,000 kwa wastani wa dola 70, na asilimia 14 zikatoka, unabaki na dola 361,200. Umejaza pomoni na bado huna hesabu ya tajiri.

Serikali ya jimbo la New York ililiona hilo, na mwaka 2021 ikaleta nafuu ya kodi ya hadi dola milioni 3 kwa mchezo mmoja. Ilisaidia kuwaweka wengi hai. Haikubadilisha hesabu ya wiki yenyewe.

Kuna kipengele kingine kwenye mkataba wa jumba ambacho mtazamaji hakijui, na ndicho kinachofunga mlango. Mapato yakishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwa wiki mbili mfululizo, mwenye jumba ana haki ya kuutoa mchezo na kuingiza mwingine. Januari na Februari ndipo hofu hii inapokuwa kubwa, maana watalii wa sikukuu wameondoka na wenyeji wanalipa madeni ya Desemba. Januari ya New York na Januari ya kwetu ni ndugu. Kwa hiyo mchezo ukifungwa mwezi huo, usiharakishe kusema ulikuwa mbovu. Mara nyingi ulikuwa mzuri na ukakosa akiba ya kuvuka wiki nane za baridi.

Wasomaji wa Kenya huenda wanalikumbuka jumba la Golden, lenye viti kama 800, kwa kuwa ndipo Lupita Nyong'o alipoigiza Eclipsed mwaka 2016. Miaka kadhaa kabla yake, jumba hilohilo lilikaliwa na Avenue Q, tamthilia ya wanasesere na waigizaji saba, iliyoanza huko mwaka 2003 kwa mtaji wa takriban dola milioni 3.5 na kuurudisha kwa chini ya mwaka. Ilipofika Septemba 2009, baada ya maonyesho zaidi ya 2,500, mapato hayakutosha tena hesabu ya Broadway. Ikafungwa. Usiku ule wa mwisho watazamaji wakatangaziwa kwamba mchezo unahamia New World Stages, mitaa michache kutoka hapo, kwenye ukumbi wa viti 499.

Tarakimu hiyo haikuja kwa bahati. Kiti kimoja chini ya 500, na mikataba inabadilika: viwango vya mishahara ni vingine, idadi ya mafundi ni nyingine, kodi ni nyingine. Wanasesere ni walewale, nyimbo zilezile, viti mia tatu pungufu, na hesabu ya wiki ikawa ya kuwezekana. Walikaa hapo hadi Mei 2019.